Maswali ya Wasomaji: Dawa ya Parkinson na Uchovu Usiokwisha

Safari hii nimeutoa ukurasa wote kwa jambo moja, kwa sababu barua nne zilizonifikia karibu wakati mmoja zinauliza, kila moja kwa njia yake, kama dawa za ugonjwa wa Parkinson huondoa uchovu au ndizo zinazouleta. Majina ya waandishi nimeyaacha.

SWALI: Nina umri wa miaka 63, na huu ni mwaka wa tatu tangu niambiwe kuwa nina ugonjwa wa Parkinson. Ninameza levodopa iliyochanganywa na kabidopa mara tatu kwa siku. Mkono wangu wa kulia uliokuwa ukitetemeka umetulia, na sasa nafunga vifungo vya shati mwenyewe. Lakini uchovu haujaondoka. Nikimaliza kuoga tu, najiona kama mtu aliyebeba mizigo kutwa. Kwenye benchi la kliniki mwenzangu mmoja husema kidonge hicho hicho kilimrudishia nguvu, na mwingine anaapa kuwa kinamchosha hata ameanza kuruka dozi ya mchana. Nimwamini nani? Na je, nipunguze dawa?

JIBU: Waamini wote wawili, lakini usimwige huyo anayeruka dozi. Shida inaanzia kwenye neno lenyewe, kwa kuwa uchovu, jinsi tunavyolitumia, ni neno lililobebeshwa mambo mengi mno. Anayesinzia kitini husema amechoka. Anayeona kizunguzungu kila anaposimama husema amechoka. Aliyekakamaa kwa sababu kidonge cha asubuhi kimeisha nguvu husema amechoka. Na aliyepoteza hamu ya mambo yote aliyokuwa akiyapenda naye husema amechoka. Kisha yupo mwenye uchovu wa Parkinson wenyewe, yaani unyong'onyevu usiolingana na kazi aliyoifanya na usioondoka hata akilala usiku kucha. Watu hao watano wakiketi benchi moja na kumeza kidonge kimoja, watatoa shuhuda tano zinazopingana, na hakuna atakayekuwa amesema uongo.

Levodopa hugeuka ndani ya ubongo kuwa dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo na ambayo kwa mwenye Parkinson hupungua, na kabidopa huizuia isigeuke mapema ikiwa bado iko nje ya ubongo, ambako ingemletea mgonjwa kichefuchefu. Tangu miaka ya 1960 sifa yake kubwa imekuwa kumrudishia mgonjwa mwendo. Kuhusu uchovu, ushahidi unaonivutia zaidi unatokana na jaribio la wagonjwa 361 ambao hali yao ilikuwa bado ya mwanzo, lililochapishwa mwaka 2004: baadhi yao walipewa levodopa na wengine kidonge kisicho na dawa, kwa muda wa wiki 40. Uchovu uliongezeka katika makundi yote, ila uliongezeka zaidi kwa wale ambao hawakupata dawa. Ninaomba uyasome matokeo hayo taratibu. Dawa ilipunguza kasi ya uchovu, haikuufuta, na mgonjwa anayeupima mwaka huu kwa kuulinganisha na mwaka jana anaweza kabisa kusema kwamba dawa haikumsaidia kitu, ilhali bila dawa hali yake ingekuwa mbaya zaidi. Yapata nusu ya wagonjwa wa Parkinson hulalamikia uchovu, na kwa wengine ulitangulia kutetemeka, wakati ambapo hawakuwa wamemeza kidonge hata kimoja.

Sasa tuje kwako. Kabla hujakilaumu wala kukisifu kidonge, chukua daftari, na kwa siku saba andika saa uliyomeza kila dozi, saa uliyokula, na saa uchovu ulipokuzidi, pamoja na neno moja la kueleza ulikuwa uchovu wa namna gani: usingizi, kulegea, kizunguzungu, au kukosa hamu. Sikuombi haya kwa mzaha. Sisi ni watu ambao tukiulizwa hali na daktari hujibu "sijambo" hata kama tumeletwa kwa kushikiliwa mikono, na "sijambo" haimsaidii daktari kupanga dozi.

Daftari likionyesha kuwa unazidiwa katika saa inayotangulia dozi inayofuata, kisha unachangamka dozi hiyo inapoanza kufanya kazi, basi kinachokuchosha ni dawa kuisha nguvu mapema. Levodopa haikai sana katika damu. Hata ikiwa na kabidopa, nusu yake huwa imeondoka katika muda wa kama saa moja na nusu. Hapo mwenye kukutibu anaweza kusogeza dozi zikaribiane au kuongeza dawa nyingine inayorefusha kazi yake, na mwenzako anayeruka dozi ya mchana huenda anajiongezea uchovu ule ule anaoukimbia. Daftari likionyesha kinyume chake, kwamba unalegea muda mfupi baada ya kumeza, mwombe muuguzi akupime shinikizo la damu ukiwa umelala, kisha akupime tena ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, uchovu wako una maelezo mengine kabisa, kwani ugonjwa wenyewe na dawa zake vyote vinaweza kushusha shinikizo mtu anaposimama.

Chakula nacho kina sehemu yake. Levodopa hushindania njia ya kupita na protini, katika utumbo na hata kwenye mlango wa kuingia ubongoni, kwa hiyo kidonge kilichomezwa pamoja na nyama, mayai au maharagwe kinaweza kuchelewa au kufika kikiwa kidogo. Wengi huelekezwa kukimeza nusu saa kabla ya kula au saa moja baada ya kula.

Uchovu ukionekana sawasawa kutwa nzima, bila kufuata saa ya kidonge, sababu itafutwe kwingine: upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo, usingizi unaokatizwa na kwenda haja ndogo mara kwa mara au na kukoroma kunakokata pumzi, au sonona. Ikiwa yote hayo hayapo, ndipo tuseme ni uchovu wa Parkinson wenyewe. Lakini dozi usiipunguze kwa uamuzi wako. Levodopa ikikatwa ghafla inaweza kuleta homa kali, misuli kukakamaa na fahamu kuvurugika, na hali hiyo ni ya kukimbizwa hospitali.

SWALI: Mume wangu alibadilishiwa dawa miezi minne iliyopita, sasa anatumia pramipeksoli. Mwendo umekuwa mzuri, ila anapitiwa na usingizi katikati ya maneno, na juma lililopita gari lilitoka barabarani kidogo huku nikiwa nimekaa kando yake. Anasema ni uchovu tu wa ugonjwa. Tena, naona haya kuandika hili, ameanza kucheza kamari, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa akiikemea.

JIBU: Mama, kwanza kabisa, mume wako asiendeshe gari tena, kuanzia leo, mpaka daktari atakapomruhusu. Unachokieleza ni usingizi, na usingizi huo una sifa mbaya ya kumjia mtu bila kumpigia hodi. Mwaka 1999 madaktari walichapisha habari za wagonjwa wanane waliosinzia ghafla wakiwa kwenye usukani, na wote walikuwa wakitumia pramipeksoli au ropiniroli, dawa mbili za kundi moja zinazoiga kazi ya dopamini. Wagonjwa wa namna hii mara nyingi hawakumbuki kwamba walisinzia, kwa hiyo usishangae akikubishia, wala usichukulie ubishi wake kuwa ni uongo. Ushahidi wako wewe uliyekuwa umekaa kando una uzito kuliko wake.

Kuhusu kamari, nimefurahi kwamba haya haikukuzuia kuandika. Dawa za kundi hilo hilo zinaweza kumfanya mtu ashindwe kujizuia: huyu atacheza kamari, yule atanunua vitu asivyovihitaji, mwingine atakula bila kipimo au tamaa yake ya mwili itapita kiasi. Hutokea hata kwa watu waliokuwa na msimamo maisha yao yote, na wengi wao huficha kwa sababu hudhani wameharibika tabia. Mweleze hivyo kabla ya kumlaumu. Halafu mwende kliniki pamoja, mapema iwezekanavyo, na mambo haya mawili uyataje kwa kinywa chako mwenyewe, kwa maana pengine hayataulizwa. Daktari huweza kupunguza dozi au kuhamia dawa nyingine, na mara nyingi tabia hizo hupungua dawa inapopungua. Ila kupunguza huko kufanywe hatua kwa hatua chini ya uangalizi, kwa kuwa kuna wagonjwa ambao hupatwa na wasiwasi mkubwa, huzuni, jasho na uchovu mkali zaidi wanapoachishwa dawa hizi. Wakati mnasubiri siku ya kliniki, fedha za nyumbani zishikwe na mtu mwingine, kwa makubaliano na kwa heshima yake.

SWALI: Mama yangu, mwenye umri wa miaka 70, aliongezewa rasajilini. Tulisikia kwa mgonjwa mwingine kuwa ndiyo dawa ya uchovu wa Parkinson. Miezi miwili imepita na bado analala kitandani hadi saa nne asubuhi. Je, tumedanganywa?

JIBU: Hamkudanganywa, ila mmesimuliwa habari nusu. Rasajilini hukizuia kimeng'enya kinachovunja dopamini, na humezwa mara moja kwa siku, kwa kawaida miligramu 1. Jaribio lake kubwa lilichapishwa mwaka 2009, na wachunguzi walipoupima uchovu wa wagonjwa hao waliona kwamba kwa waliomeza rasajilini uliongezeka kwa kiasi kidogo kuliko kwa waliomeza kidonge kisicho na dawa. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo, ya aina inayoonekana vizuri kwenye hesabu za watu wengi kuliko katika siku ya mtu mmoja. Mgonjwa aliyewaambia kwamba yeye alipata nguvu anaweza kuwa anasema kweli, kwa mfano ikiwa uchovu wake ulitokana na levodopa kuisha nguvu mapema, jambo ambalo rasajilini hulisaidia. Mama yako huenda hana tatizo hilo.

Mimi ningeanza na kile kitanda. Mtu asiyeamka hadi saa nne anaweza kuwa hakulala usiku, au mwili umekakamaa hawezi kujigeuza, au haoni sababu ya kuamka. La tatu ndilo linalosahaulika. Sonona huwapata wagonjwa wengi wa Parkinson, na kwa mtu ambaye uso wake umeshapoteza mabadiliko kwa sababu ya ugonjwa, watu wa nyumbani hushindwa kuisoma. Muulizeni waziwazi. Ikigundulika, ina matibabu yake, lakini daktari akumbushwe juu ya rasajilini kabla ya kuandika chochote, kwa sababu haipatani na baadhi ya dawa za sonona, wala na dawa za maumivu kama pethidini na tramadoli, wala na zile dawa za kikohozi zenye dekstromethofani ambazo watu hununua bila kuuliza.

Mazoezi nayataja mwisho ingawa ndiyo ninayoyaamini kwanza. Kumwambia aliyechoka atembee kunafanana na kejeli, najua. Hata hivyo, kutembea kwa muda mfupi kila siku, katika ile saa ambayo dawa imemkolea, kisha kupumzika kabla hajazidiwa, kumewafaa wagonjwa wengi. Kazi nzito ya siku nayo, kama kuoga na kuvaa, iwekwe katika saa hiyo hiyo.

SWALI: Kwa ajili ya uchovu nilijinunulia vidonge vya kuongeza damu, navimeza pamoja na levodopa ili nisisahau. Tangu hapo kutetemeka kumerudi. Je, ugonjwa umeongezeka?

JIBU: Inawezekana kabisa kwamba ugonjwa uko pale pale. Madini ya chuma yaliyomo katika vidonge hivyo hushikana na levodopa tumboni, na kiasi kinachofika kwenye damu hupungua, kwa hiyo dozi yako umeipunguza bila kujua. Vitenganishe kwa angalau saa mbili, kisha uone kama mkono utatulia. Na kabla ya kununua pakiti nyingine, nenda maabara ukapimwe wingi wa damu, kwani mpaka sasa hakuna mahali ulipoeleza kuwa uliwahi kuambiwa imepungua.