Maswali Yenu: Kozi Ipi ya CPR na AED Inafaa Kulipiwa?

Barua nyingi za safari hii zimekuja na jambo moja: mafunzo ya kufufua moyo na mapafu, yaani CPR, na matumizi ya AED, ile mashine ndogo inayosoma mwendo wa moyo na kutoa mshtuko wa umeme pale unapohitajika. Tumechagua barua tano.

Assalamu alaykum. Mimi ni nahodha wa boti ya wageni. Hoteli tunayofanya nayo kazi inataka kila nahodha na msaidizi wake awe na cheti cha CPR na AED kabla ya msimu. Mtandaoni nimeona kozi ya saa moja, ukimaliza unachapisha cheti mwenyewe. Ya mjini ni siku nzima na bei yake ni mara kadhaa. Vyote si vyeti? — Nahodha, Nungwi

Waalaykumu ssalaam, nahodha. Anza na anayekudai cheti. Muulize meneja wa hoteli anakubali cheti cha taasisi gani, na kama bima yao ina masharti. Wengi hulipa kwanza, wakauliza baadaye, na cheti kikakataliwa. Kama unafikiria kupanda ngazi za uzamiaji, PADI, taasisi ya mafunzo ya uzamiaji, wanataka mafunzo ya CPR na huduma ya kwanza yaliyofanyika ndani ya miezi 24 kabla ya kukupa cheti cha Rescue Diver (mzamiaji mwokoaji) au Divemaster (kiongozi wa wazamiaji), kwa hiyo chagua kozi itakayokufaa kotekote.

Sasa hiyo ya saa moja. Kusoma mtandaoni si kosa. Taasisi kubwa kama American Heart Association (AHA) zina kozi ambazo nadharia unaisoma kwenye simu, lakini kadi hupewi mpaka uende ukapimwe kwa vitendo mbele ya mkufunzi. Kozi inayokupa cheti bila mkono wako kugusa mdoli wa mafunzo haijakufundisha CPR. Kifua cha mtu mzima kinatakiwa kushuka sentimita 5, kisizidi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mbonyezo ukiuachia kifua kinyanyuke chote kabla ya kubonyeza tena. Hakuna video inayoweza kukuonyesha sentimita 5 ni nguvu kiasi gani. Anayebonyeza mara ya kwanza karibu kila mara hubonyeza juu juu kwa kuogopa kuvunja mbavu, hukunja viwiko akachoka ndani ya dakika moja, au huegemea kifuani kiasi kwamba moyo haupati nafasi ya kujaa damu. Makosa hayo huyaoni mwenyewe. Yanaonwa na mkufunzi, au na mdoli wenye taa au kipimo kinachoonyesha kina na kasi. AHA wamelazimisha kifaa hicho kwenye kozi zao za CPR ya watu wazima tangu mwaka 2019.

Kwa hiyo ukipiga simu, usianze na bei. Uliza madarasa yana watu wangapi. Mkufunzi mmoja kwa wanafunzi sita na mdoli mmoja kwa watatu ni kiwango kizuri. Ukiambiwa watu thelathini na midoli miwili, utakaa kutwa ukitazama migongo ya wenzako. Uliza kama kuna AED ya mazoezi, ile isiyotoa umeme, na kama kila mtu ataiwasha na kubandika pedi kwa mkono wake. Uliza cheti kinadumu muda gani (miaka miwili ndiyo kawaida) na kinathibitishwaje: kiwe na namba au msimbo ambao mwajiri anaweza kuukagua kwenye tovuti ya taasisi iliyokitoa.

Yapo pia maswali mawili ya kumpima mkufunzi bila kumvunjia heshima. AHA na Baraza la Ufufuaji la Ulaya (ERC) walitoa miongozo mipya mwaka 2025. Muulize mtoto mchanga anabonyezwa vipi. Akikujibu "kwa vidole viwili", mafunzo yake ni ya zamani. Sasa ni vidole gumba viwili huku mikono imezunguka kifua, au kitako cha kiganja kimoja. Kisha muulize mtu mzima aliyekabwa na chakula na hawezi kukohoa anaanziwa na nini. Jibu ni mapigo matano ya mgongoni kati ya mabega, halafu misukumo mitano ya tumboni, kwa kupokezana.

La mwisho, na kwako wewe wa baharini ndilo kubwa: hakikisha kozi inafundisha pumzi. Kuna kozi fupi za kubonyeza kifua tu. Zinafaa kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla barabarani, kwa sababu damu yake bado ina oksijeni. Aliyezama moyo wake umesimama kwa kukosa hewa, na kumbonyeza bila kumpa pumzi ni kuzungusha damu isiyo na kitu. Kwake unaanza na pumzi: ERC wanafundisha tano, AHA mbili, kisha mibonyezo 30 kwa pumzi 2. Usibabaishwe na tofauti hiyo, fuata ulivyofundishwa. Pumzi moja ni sekunde moja, mpaka uone kifua kinanyanyuka, basi. Ukipuliza kwa nguvu hewa inaingia tumboni, na mgonjwa anatapika.

Huku kwetu mtoto akitolewa majini watu humning'iniza kichwa chini au humkanda tumbo maji yatoke. Kozi zinasema je? — Mama wa mashamba ya mwani, Jambiani

Zinakataza, bibi, na sababu ni nzito. Kinachotoka kwa kukanda tumbo ni maji na chakula cha tumboni, na vikipanda huishia kuingia mapafuni. Tena kila sekunde ya kumning'iniza ni sekunde ambayo hapati hewa. Mlaze chali mahali pagumu. Mchanga mbichi ulioshikana unatosha, ule mkavu unadidimia na nguvu yako inapotea. Inua kidevu, mpe pumzi, bonyeza. Povu likitoka mdomoni usihangaike kulifuta, endelea na pumzi. Akitapika, mgeuze ubavu, safisha mdomo kwa kidole kilichofungwa kitambaa, mrudishe chali.

Mwanzoni mwa kazi yenu mkiwa kikundi, mwiteni mkufunzi aje ufukweni badala ya ninyi kwenda mjini. Somo hili linaingia vizuri zaidi mkifanyia hapohapo mnapofanya kazi.

Nina hoteli ndogo yenye wafanyakazi kumi na wawili. Nataka kuwafundisha na kununua AED. Nimepata iliyotumika, kwa bei nafuu, kutoka nje. Nianze na lipi? — Meneja, Paje

Anza na mafunzo, kisha mashine, ila mafunzo ya pili yafanyike na mashine yenyewe ikiwa imeshafika. Kutoka Paje mpaka Hospitali ya Mnazi Mmoja ni mwendo wa saa nzima kwa gari, na moyo uliosimama bila CPR hupoteza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10 kila dakika. Hesabu hiyo peke yake inaonyesha kwamba kitakachomwokoa mgeni wako, au mpishi wako, ni walioko pale hotelini. Wafundishe wa zamu zote, na wa usiku wasisahauliwe: mlinzi, mhudumu wa mapokezi, mtu wa bwawa. Hoteli nyingi hupeleka mameneja kozini, na usiku wa manane mameneja wako majumbani kwao.

Mashine iliyotumika tunakushauri uiache, mpaka umejibiwa mambo haya kwa maandishi. Pedi zake bado zinatengenezwa? Pedi nyingi huisha muda baada ya miaka miwili hivi, maana gundi yake yenye majimaji hukauka. Pedi kavu haishiki ngozi na umeme haupiti sawasawa. Betri ni ya mwaka gani? Nyingi hudumu miaka minne au mitano ikiwa haijatumika, na ni ghali. Mashine ya bei poa isiyo na pedi wala betri itakugharimu zaidi ya mpya, au itabaki pambo ukutani. Angalia pia kiwango cha kinga dhidi ya vumbi na maji: IP55 inafaa kwa mahali penye mchanga na mvua za masika.

Joto ndilo adui wa mashine hizi kwetu. Nyingi zimetengenezwa zikae kati ya nyuzi 0 na 50. Ndani ya gari lililofungwa juani hupita hapo kwa urahisi, na kibanda cha mabati ufukweni si salama zaidi. Itundike mapokezi, kivulini, mahali pasipofungwa kwa ufunguo. Kila asubuhi mtu mmoja aangalie taa au alama ya kijani na atie saini daftarini. Mara moja kwa mwezi asome tarehe za pedi na betri. Ikianza kulia kidogokidogo, mara nyingi inaomba betri. Tumesikia mahali ambapo mlio ule uliwakera watu wakaitoa betri na kuisahau.

Kwenye mfuko wake weka mkasi, wembe wa kunyolea nywele za kifua, taulo kavu, glovu na barakoa ya kupulizia pumzi. Taulo si la mapambo: kifua kilicholowa maji ya bwawa kinapitisha umeme juu ya ngozi kutoka pedi moja hadi nyingine badala ya kupita moyoni, na pedi yenyewe inateleza. Mtoe mgonjwa kwenye dimbwi, mfute, bandika.

Mashine nyingi zinazungumza Kiingereza. Usidhani kila mtu anaelewa. Mwambie mkufunzi aiwashe ya mazoezi, asimamishe kila agizo, na mtunza bustani ndiye aseme maana yake kwa Kiswahili. Maagizo si mengi. Wajue hasa lini mashine inasoma moyo na hakuna ruhusa ya kumgusa mgonjwa, na lini inawataka warudi kubonyeza. Hapo ndipo watu hukosea: mshtuko ukishatoka wanasimama kumtazama kama ataamka. Wanatakiwa kurudi kifuani papo hapo na kubonyeza dakika mbili nyingine, mpaka mashine isome tena. Anayebonyeza abadilishwe kila dakika mbili, hata akisema hajachoka.

Kama mna boti, jueni pia kuwa mtikisiko wa injini unaweza kuivuruga mashine inaposoma. Zimeni kwa sekunde hizo.

Mimi ni nesi. Cheti changu cha BLS, yaani mafunzo ya msingi ya kuokoa uhai, kimekwisha muda. Kozi ya siku moja ya huduma ya kwanza inatolewa hapa Chake, inatosha? — Nesi, Pemba

Haitoshi, dada. Hiyo ni ya raia wa kawaida. BLS ya wahudumu wa afya ina vitu ambavyo humo havimo: kupima mapigo ya shingoni ndani ya sekunde 10, mfuko wa kupulizia hewa kwa watu wawili, mtoto kwa mibonyezo 15 na pumzi 2 mkiwa wawili, na kazi ya timu. Ya AHA ina mtihani wa maswali 25 na kufaulu ni asilimia 84. Kama gharama ya kuvuka kwenda Unguja ni kubwa, kusanyeni wenzenu watano wa wodi na mmwite mkufunzi. Nauli ya mtu mmoja ni nafuu kuliko ya sita.

Mume wangu ananihimiza nisome, lakini nasikia lazima kumvua mtu nguo kifuani. Na mkufunzi akiwa mwanamume? — Mwalimu wa skuli, Mwanakwerekwe

Swali zuri, mwalimu, na wengi wanalo ila hawaulizi. Darasani hakuna anayevuliwa. Mazoezi yote ni kwa mdoli. Mkiwa kikundi cha wanawake mnaweza kuomba mkufunzi mwanamke na chumba chenu, na watoaji wengi wa kozi hukubali wakiambiwa mapema. Vaa suruali pana chini ya baibui, maana utapiga magoti muda mrefu. Kama ni Ramadhani, omba darasa la baada ya tarawehe, kwani kubonyeza dakika mbili mfululizo ni kazi ya jasho. Ukiwa mjamzito mwambie mkufunzi, mdoli unaweza kuwekwa juu ya meza.

Kwa mgonjwa halisi, pedi lazima zishike ngozi, haziwekwi juu ya baibui. Ila si lazima kumwacha wazi. Moja inakaa kulia chini ya mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, nyingine kushoto ubavuni chini ya kwapa. Sidiria inaweza kusogezwa tu badala ya kuvuliwa, miongozo ya 2025 ya AHA inaruhusu hivyo. Wawili washike khanga kama pazia, na pedi zikishashika mfunike. Mashine inafanya kazi chini ya khanga bila tatizo. Kosa la kawaida kwa mwanamke ni kuibandika pedi ya kushoto juu ya titi kwa haraka au kwa aibu. Isogeze nyuma zaidi, ubavuni.

Mwombe mkufunzi mfanye zoezi hilo hasa: mdoli uvalishwe gauni na baibui, mkasi mkononi, khanga mbili pembeni, mpimwe tangu mashine inawashwa mpaka pedi ya pili imeshika. Mara ya kwanza mtachelewa. Rudieni mpaka mikono izoee, na anayebonyeza asiache kubonyeza wakati wote huo.