Filamu ya michango inapotafuta nafasi yake mtandaoni: maswali yenu

Wengi mlioniandikia mmechangisha fedha za filamu kwa ndugu, marafiki na watu msiowajua, mkaimaliza, na sasa mnataka ionekane kwenye kanzidata za filamu. Nayajibu maswali yenu hapa.

Filamu yetu ilichangiwa kwa WhatsApp na M-Pesa, hatuna kampuni. IMDb, ile kanzidata kubwa ya filamu mtandaoni, itaikubali? (Mombasa)

Hawaulizi fedha zimetoka kwa nani. Filamu fupi ya hali halisi *Inocente* ilichangiwa zaidi ya dola 52,000 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, na mwaka 2013 ikatwaa Oscar. Wanachotaka kujua ni kama filamu ipo na umma umeiona: ukumbini, kwenye runinga, kwenye tamasha, au mahali inapouzwa. Ukurasa wa michango unaonyesha tu kwamba mlikusudia. Wekeni kiungo cha programu ya tamasha au tangazo la ukumbi lenye tarehe. Andikeni jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye skrini, na mwaka uwe wa onyesho la kwanza la hadhara, si ule mlioanza kupiga picha. Mtu yeyote anaweza kuwasilisha taarifa hizo bila malipo.

Nataka kuandika makala ya filamu yetu Wikipedia. Nina ukurasa wa IMDb, Facebook yetu na ukurasa wa michango. Vinatosha? (Dar es Salaam)

Havitoshi. Facebook na ukurasa wa michango ni ninyi mnajisemea, na taarifa za IMDb huletwa na watumiaji, kwa hiyo wahariri wa Wikipedia hawazihesabu kama ushahidi. Wanataka mtu asiye na maslahi aliyeiandika filamu kwa kina. Taarifa yenu kwa vyombo vya habari, hata gazeti likiichapa neno kwa neno, bado ni maneno yenu.

Hapa ndipo panaponiuma. Kurasa zetu za burudani zinajua nani kaachana na nani, lakini uhakiki wa filamu ni wa kutafuta kwa tochi. Tazameni Wakaliwood, studio ya filamu ya mtaa wa Wakaliga, Kampala. Mwaka 2015 mwongozaji wake, Nabwana I.G.G., na wenzake waliomba dola 160 Kickstarter kwa ajili ya filamu yao *Tebaatusasula: Ebola*, wakapata zaidi ya 13,000. Waandishi wa nje walifika Wakaliga, wakaona silaha za bandia zilizotengenezwa pale pale mtaani, wakaandika kwa urefu. Maandishi ya aina hiyo ndiyo yanayoipa filamu mahali pa kusimama, nami natamani yaanzie kwenye magazeti yetu wenyewe.

Basi mwalikeni mwandishi mmoja anayependa sinema, mwonyesheni filamu kabla ya uzinduzi, na msimwambie cha kuandika. Akichapisha, pigeni picha ukurasa mzima, jina la gazeti, tarehe na namba ya ukurasa vikisomeka. Gazeti la karatasi linakubalika Wikipedia hata kama habari hiyo haipo mtandaoni.

Kuna kijana anataka tumlipe atuandikie ukurasa Wikipedia na anatuhakikishia hautafutwa. (Arusha)

Msimpe hata senti. Hakuna anayeweza kutoa ahadi hiyo, na anayelipwa kuandika Wikipedia anatakiwa kulitangaza hilo wazi.

Wachangiaji wanalalamika kwamba hawaioni filamu Letterboxd, wala majina yao popote. (Nairobi)

Letterboxd, mtandao ambako watazamaji huorodhesha na kujadili filamu, huchukua taarifa zake TMDb, kanzidata nyingine ya filamu inayojazwa na watumiaji. Fungua akaunti huko, ni bure, uingize filamu, bango na majina. Kwa kweli ningewashauri wote muanzie hapo.

Kuhusu majina, IMDb hufuata yaliyo kwenye skrini. Kama ulimwahidi mtu cheo cha mtayarishaji na jina lake halipo mwisho wa filamu, hutaweza kumwingiza. Kabla ya kufunga uhariri, mtumie kila mchangiaji ujumbe akuandikie jina lake anavyotaka lisomeke. Aliyeandikwa Mohamed hapa na Muhammad kule huishia kuwa na kurasa mbili, kazi zake zimegawanyika.

Tuwaombe marafiki watupigie kura ya alama 10 kwenye IMDb? (Zanzibar)

Hapana. IMDb haichukui wastani wa kawaida wa kura. Huzipima, na kura za mkupuo hazina uzito mnaoutarajia. Waombeni walioitazama waandike walichokiona, hata mistari mitatu, hata kama wanakosoa.