Wasomaji Wanauliza: Saa za Mfukoni za Marekani

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua saa ya Elgin katika soko la vitu vya zamani hapa Minneapolis. Ndani ya mfuniko wa nyuma kuna namba ndefu pamoja na maneno "Guaranteed 20 Years". Nimeitafuta namba hiyo kwenye orodha za Elgin, nikapata mwaka usiolingana kabisa na umbo la saa. Je, ni bandia? Na hayo maneno yana maana kuwa ni dhahabu? (Msomaji, Minneapolis)

JIBU: Si bandia, ndugu yetu. Umesoma namba ya kasha. Zamani zile viwanda vikubwa vya Marekani viliuza mashine tupu, yaani magurudumu na springi bila kasha, ule mwili wa nje wa saa. Mteja alikwenda kwa sonara, akachagua mashine ya Elgin au Waltham, kisha akachagua kasha kutoka kampuni nyingine kama Keystone, Dueber au Crescent, na sonara akaviunganisha palepale dukani. Namba ya kasha ni ya mtengeneza kasha, wala haisemi lolote kuhusu umri wa saa.

Fungua nyuma hadi uone magurudumu. Kasha la skrubu hufunguka kwa kulibana kati ya viganja viwili na kuzungusha kinyume cha mishale. La bawaba lina kijipengo cha kuingizia ukucha. Namba iliyochongwa kwenye bamba la mashine, karibu na jina la kiwanda, ndiyo ya kutafuta. Itakupa daraja la mashine, ukubwa, idadi ya vito (vijiwe vigumu ambamo ncha za ekseli huzunguka) na mwaka wa kukadiria. Tunasema kukadiria kwa sababu namba zilipangwa kwa mafungu, na saa nyingine zilikaa ghalani kabla ya kuuzwa.

Ukubwa nao hupimwa kwenye mashine, yaani bamba lililo chini ya uso wa saa. Namba 18 ina milimita 44.9 hivi, namba 16 ina 43.2, na kila namba moja hupanda kwa sehemu ya 30 ya inchi. Kwa kuwa vipimo vilikuwa vya kawaida, mashine ya namba 16 huingia katika makasha mengi ya namba hiyo, na hapo ndipo wauzaji hucheza. Kagua ukingo wa ndani pale vichwa vya skrubu vinapokandamiza kasha. Ukiona alama za skrubu mahali pasipo na skrubu, kasha hilo liliwahi kubeba mashine nyingine. Saa inaweza kuwa nzima na ikafanya kazi vizuri, ila usiilipie bei ya saa iliyo katika kasha lake la asili.

Dhamana ya miaka 20 ni ushahidi kuwa si dhahabu tupu. Ni shaba iliyofunikwa pande zote kwa bamba jembamba la dhahabu, mbinu ambayo James Boss alipewa hataza yake mwaka 1859. Miaka iliyotajwa ni muda ambao tabaka la dhahabu liliahidiwa kudumu. Tazama kishikio, bawaba na kingo: shaba huchungulia hapo kwanza. Angalia pia neno Silveroid, ambalo halina fedha hata chembe, ni mchanganyiko wa nikeli na shaba.

SWALI: Tuna Hamilton 992 ya babu. Inatembea vizuri, lakini tukivuta kifundo cha kujazia, mishale haisogei. Fundi anataka kubadilisha kifundo. (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Mzuieni kwanza! Saa nyingi za 992, ambazo ni saa za wafanyakazi wa reli, ziliundwa zisirekebishwe kwa kuvuta kifundo. Fungueni fremu ya kioo cha mbele kwa kuizungusha kinyume cha mishale. Pembeni mwa uso, mara nyingi karibu na namba 1 au 2, kuna ulimi mwembamba wa chuma. Uvuteni nje kwa ukucha, msitumie kisu kwa sababu enameli hubanduka. Sasa zungusheni kifundo, mishale itasogea. Mkimaliza rudisheni ulimi ndani kabisa, la sivyo mkijaza saa mtakuwa mnazungusha mishale.

Usumbufu huu uliwekwa makusudi. Mwezi Aprili 1891 treni mbili ziligongana Kipton, Ohio, na inasimuliwa kuwa saa ya dereva mmoja ilikuwa imesimama dakika nne kisha ikaendelea. Baada ya hapo Webb C. Ball, sonara wa Cleveland, alipewa kazi ya kukagua saa za reli. Kanuni zilizofuata zilitaka angalau vito 17, uso usio na mfuniko wenye tarakimu nene, na tofauti isiyozidi sekunde 30 kwa wiki. Ulimi uliongezwa ili mfanyakazi anayejaza saa gizani asisogeze mishale bila kujua.

SWALI: Je, naweza kutia mafuta ya cherehani kwenye Waltham iliyokwama? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hapana. Mafuta hayo husambaa, huacha ekseli zikiwa kavu, hunasa vumbi, na yakifika kwenye springi nyembamba ya balansi (gurudumu linalocheza huku na huko kupima mwendo wa saa) miviringo yake hunatana, na saa hukimbia mbele vibaya sana. Sumaku huleta dalili hiyohiyo. Sogeza dira karibu na balansi, na sindano ikichezacheza, saa ipelekwe ikaondolewe sumaku kabla ya jambo jingine.

Kilichokwama kwa kawaida ni mafuta ya zamani yaliyogeuka gundi. Saa ifumuliwe yote, ioshwe, kisha kila kito kipate tone dogo la mafuta ya saa, lisijaze kikombe chake. Fundi aachilie springi kuu kwanza: ashike kifundo, asukume kizuizi kinachozuia springi isifunguke, akiruhusu kifundo kirudi polepole vidoleni. Akitoa uma wa vito, ule unaozuia na kuachia magurudumu, springi ikiwa imejaa, magurudumu yatafyatuka na kuvunja meno au ekseli.

Balansi ikiegemea upande au ikilegalega ukiinamisha saa, ekseli yake imevunjika. Saa hizi hazina kinga ya mshtuko, na kuanguka mara moja kunatosha. Agiza ekseli kwa daraja na namba ya mashine, kwani ya Elgin haiingii Waltham, na hata Waltham zenyewe hutofautiana kwa modeli.