Mgongo, Magoti na Vidonge vya Dukani: Maswali Yenu

Dokta, mgongo unanisumbua mwaka wa pili sasa. Nalima tumbaku Urambo. Nilipiga X-ray nikaambiwa pingili zimesagika. Niache jembe?

Usiache. Neno hilo "zimesagika" limewalaza watu vitandani bila sababu. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti za picha za migongo ya watu wasioumwa kabisa: diski (vile vitenganishi laini kati ya pingili) zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Picha inaweza kuonyesha uchakavu ambao hauhusiani na unachokisikia.

Maumivu yakipita miezi 3 tunayaita sugu. Mara nyingi hapo jeraha la mwanzo lilishapona, ila neva na ubongo vimezoea kuyapitisha, mithili ya njia ya ng'ombe waendao lambo: kadiri inavyopitwa ndivyo inavyochimbika. Kulala kutwa hakuifuti njia hiyo. Kunalegeza misuli tu, mwisho hata ndoo ya maji inakushinda.

Tembea kila siku, anza na kidogo, ongeza polepole. Wakulima wa tumbaku mna tabia moja inayowaumiza: siku mgongo ukitulia, mtu anapasua kuni za bani la kukaushia tumbaku tangu asubuhi hadi jua linazama, kisha analala siku tatu. Gawa kazi, pumzika kabla maumivu hayajakulazimisha. Ulizia fiziotherapia hospitali ya mkoa wa Tabora, Kitete, ufundishwe mazoezi ya kufanya nyumbani. Na lala usiku, maana aliyekesha huumwa zaidi kesho yake.

Nameza Diclopa asubuhi na jioni tangu mwaka jana na kazi zinaenda. Kuna ubaya?

Upo, na swali hili nalijibu tena na tena. Vidonge hivyo vina diklofenaki na parasetamoli. Diklofenaki ya mfululizo huleta vidonda vya tumbo, hupandisha presha na huharibu figo, nazo figo huharibika kimyakimya. Anayeongezea Panadol anameza parasetamoli mara mbili bila kujua. Kikomo kwa mtu mzima ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ukizidisha, ini ndilo linaloumia. Wiki hii kapime presha na figo.

Wale mnaokimbilia sindano: diklofenaki ya sindano ni dawa ileile. Ikichomwa na asiyejua mahali pa kuchoma inaweza kugusa neva ya mguu, ukabaki unaburuta unyayo. Nanyi wauzaji wa maduka ya dawa, mteja akirudi mara ya tatu kwa vidonge vilevile, mwelekezeni kituo cha afya. Hela yake isiwafumbe macho.

Ute umeisha magotini. Bamia nile mbichi au nichemshe?

Kula bamia kama mboga. Ute wa bamia unameng'enywa tumboni, hauendi gotini. Goti linasaidiwa na misuli ya paja iliyo imara na uzito kupungua: kila kilo unayopunguza inaliondolea mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.

Nina sukari, nyayo zinawaka moto usiku. Nimepewa amitriptilini, lakini jirani kasema ni dawa ya wagonjwa wa akili. Nimeiacha.

Mama yangu, irudie, ila pita kwanza kwa aliyekuandikia. Ni kweli ilianza kama dawa ya sonona. Baadaye ikaonekana kwamba kwa dozi ndogo, mara nyingi miligramu 10 hadi 25 usiku, inapunguza maumivu yatokanayo na neva, na hivi sasa ni moja ya dawa kuu za maumivu hayo. Panadol haiwezi moto wa namna hiyo. Usiipime kwa siku mbili. Ipe wiki kadhaa. Mdomo utakauka, na asubuhi unaweza kuamka na usingizi. Kama una ugonjwa wa moyo au mkojo unatoka kwa shida, mwambie daktari kabla hujaanza. Sukari nayo uidhibiti, la sivyo neva zitaendelea kuharibika. Kagua nyayo kila jioni, maana ganzi huficha kidonda.

Nilinunua unga wa dawa mnadani. Siku ya pili maumivu yote yakaisha. Sasa ni miezi minne, uso umevimba.

Unga unaomaliza maumivu kwa siku mbili na kuvimbisha uso unanitia shaka kubwa kwamba umechanganywa na dawa za steroidi, kama deksamethasoni au prednisoloni. Hizo hupandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa. Usiuache ghafla, kwa sababu mwili wako huenda umeacha kutengeneza homoni yake na unaweza kuanguka. Nenda hospitali na pakiti mkononi, upunguziwe taratibu. Anayewauzia watu vitu hivi anafanya uhalifu.

Vipimo vyote safi, lakini mwili mzima unauma. Mume wangu anasema najifanya.

Hujifanyi. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 inayatambua maumivu sugu kuwa ugonjwa wenyewe, hata pasipo jeraha linaloonekana. Mwonyeshe mumeo jibu hili, kisha nenda naye kliniki asikie mwenyewe.

Mgongo wa namna gani nisiusubirie?

Ukiandamana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, huenda ni TB ya uti wa mgongo. Kapime, dawa za TB ni bure. Ukifa ganzi sehemu za siri, mkojo ukaziba au ukatoka wenyewe, au miguu ikaishiwa nguvu, usingoje kesho. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.