Sindano tano za sikioni: usikimbilie ya pili

Akupancha (tiba ya kuchoma sindano) ya sikio inayojulikana sana kwa maumivu ya ghafla ni ile aliyoibuni Dkt. Richard Niemtzow wa Jeshi la Anga la Marekani mwaka 2001, akaiita akupancha ya uwanja wa vita. Pointi zake, yaani sehemu za kuchoma, ni tano tu kwa kila sikio. Kosa kubwa tunaloliona ni mtoa huduma kuzichoma zote kwa mkupuo, kisha asijue ipi imesaidia.

Anza na namba. Mgonjwa afanye kile kinachomuuma, ainame au apande ngazi, kisha ataje maumivu kati ya 0 na 10. Futa sikio kwa spiriti na uiache ikauke yenyewe. Sindano ya kwanza, ya pointi iitwayo singuleti, huingia kwenye kibonde kilicho juu ya ndewe, chini ya tundu la sikio. Hapo simama. Mgonjwa atembee dakika 2, arudie mwendo ule ule, ataje namba upya. Kutembea ndiko kunakoonyesha kama kuna kilichobadilika. Aliyekaa kitini atakujibu kwa adabu tu. Rudia sikio la pili, tena atembee. Pointi zinazofuata huitwa thalamasi, omega 2, pointi sifuri na Shen Men, kwa utaratibu huo huo. Maumivu yakishuka hadi 1, acha, hata kama umetumia mbili tu kati ya 10 za masikio yote.

Akitoka jasho jembamba au kuona kizunguzungu, mlaze chali, inua miguu, usiongeze nyingine. Aliyekuja na njaa huanguka upesi, kwa hiyo ale kwanza.

Sindano hizi ndogo huachwa siku 3 hadi 4 na nyingi hudondoka zenyewe. Iliyochomoza nusu itolewe, isisukumwe ndani. Gegedu la sikio halina mishipa yake ya damu, hivyo likipata usaha hupona kwa taabu na sikio linaweza kubaki limepinda daima. Wekundu, joto na uvimbe ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Mjamzito, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda na mwenye kidonda sikioni waseme mapema. Kabla ya kipimo cha MRI (picha ya mwili kwa sumaku), sindano zote zitoke.

Nafuu huweza kuja ndani ya dakika chache na kuisha baada ya siku chache. Tafiti nazo hazijakubaliana ni kwa kiasi gani akupancha hii inazidi sindano za kuigiza, yaani zile za kulinganishia tu zisizo tiba halisi. Maumivu ya kifua, ya tumbo lililokakamaa, au ya kichwa yaliyolipuka ghafla hayapozwi kwa sikio kwanza.

Nyumbani usijichome. Mbegu ndogo ya mmea wa vakaria iliyobandikwa kwenye pointi kwa plasta inatosha: ibonyeze sekunde 30, mara tatu kwa siku, bila kuchubua ngozi.

Na mgonjwa aondoke na idadi ya sindano mkononi. Ikidondoka moja kitandani, aitafute kabla mtoto hajaikanyaga.