Iliyorudi si ile iliyoondoka

Swali la wiki hii limetutaka tueleze kama Serikali ilifanya vyema kuzinunua upya hisa za TTCL, yaani Kampuni ya Simu Tanzania, zilizokuwa mikononi mwa wawekezaji. Jibu langu ni ndiyo, ingawa kampuni iliyorudi si ile iliyoondoka.

Sisi wa Moshi wenye ndugu Taveta nchini Kenya, ng'ambo tu ya mpaka wa Holili, tunakumbuka kwamba posta na simu za Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa chini ya shirika moja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, lenye makao makuu Kampala. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilibaki na nyaya zake, lakini njia fupi za kupigiana, yaani 005 kwa Kenya na 006 kwa Uganda, zilidumu miaka mingi baadaye kama masalia ya undugu ule. Shirika letu la Posta na Simu nalo liligawanywa mwaka 1994, ndipo TTCL ikapatikana.

Mwaka 2001 asilimia 35 ya hisa zilikwenda kwa kampuni za MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani. Mwaka huohuo simu za mkononi za Celtel zilianza chini ya mbawa za TTCL, wakati ambapo kila mwenye macho aliona kuwa Watanzania wataingia kwenye simu bila kupitia ile ya mezani. Kisha, mwaka 2005, Celtel ikatenganishwa na mama yake. Hapo ndipo ninapoumia hadi leo, kwa sababu tawi lililokuwa likikua ndilo lililoondoka, na TTCL ikaachiwa simu za mezani ambazo watu walikuwa wakizikimbia.

Zile hisa asilimia 35 za TTCL zilipita Celtel na Zain hadi kwa Bharti Airtel, na mwaka 2016 Serikali ikazikomboa kwa shilingi bilioni 14.9. Wapo wanaouliza faida iko wapi, ilhali wateja wengi wako kwingine. Mimi huwaelekeza ardhini, uliko Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani mtandao wa nyaya kuu za mawasiliano za nchi, ulioanza kujengwa mwaka 2009 na kukabidhiwa TTCL kuuendesha. Unaunganika na nyaya za baharini pale Dar es Salaam na kufika hadi mipakani, na hata kampuni zinazoshindana na TTCL hukodi nafasi humo. Njia wanayopita wote sikubali iuzwe tena, hata kwa asilimia moja.