Maswali Yenu: Kumtumaini Mungu Kalamu Ikiwa Mkononi

Kati ya barua zilizonifikia nimechagua nne, kwa sababu zote, kila moja kwa njia yake, zinauliza jambo moja: mtu anayekiri siku ya ibada kwamba anamtumaini Mungu afanye nini Jumatatu asubuhi. Mambo yanayoweza kuwatambulisha waandishi nimeyaondoa.

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mtunza stoo katika kampuni moja, na pia ni mzee wa kanisa. Kwa miezi 8 sasa mkuu wangu wa kazi amekuwa akiniletea hati za kupokea mizigo nizitie sahihi, ilhali mizigo yenyewe ama imefika pungufu au haijafika kabisa. Mwanzoni aliniambia kwamba mizigo iko njiani. Siku hizi hasemi kitu, analeta tu. Nimefunga na kuomba mara tatu ili Mungu anionyeshe kama nibaki katika kazi hii au niondoke, na sijapata jibu. Nina watoto watatu shuleni. Nitayajuaje mapenzi ya Mungu?

JIBU: Amina, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na katika kuisoma mara ya pili nikaona kwamba ina maswali mawili, ingawa umeuliza moja. Ulilouliza ni kama ubaki au uondoke. Ambalo hukuliuliza ni kama uendelee kutia sahihi. La kwanza mimi sina jibu lake. La pili lilikwisha kujibiwa zamani katika amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo, kwa maana sahihi yako katika hati ile ni ushahidi: inamwambia mwenye mali, mkaguzi wa hesabu na yeyote atakayelifungua faili hilo baadaye kwamba wewe uliuona mzigo kwa macho yako, ukauhesabu, ukaupokea.

Kumbukumbu la Torati 29:29 inasema hivi: “Mambo ya siri ni ya BWANA, Mungu wetu, lakini mambo yaliyofunuliwa ni yetu sisi na watoto wetu milele.” Kadiri ninavyozidi kuutafakari mstari huo, ndivyo ninavyozidi kuona jinsi tulivyoupindua. Tunakesha tukiyachokonoa ya siri, na yaliyofunuliwa tunayaacha yasubiri. Tunafunga ili tujue tutaoana na nani na tutahamia wapi, lakini ni nadra kumsikia mtu akifunga ili apate nguvu ya kulipa deni ambalo mwenye nalo ameshakata tamaa ya kulidai. Nasema haya nikijishitaki mwenyewe. Niliwahi kuomba kwa majuma mengi juu ya mwito wa kwenda kuhudumu mahali pengine, na muda huo wote kulikuwa na ndugu niliyemkosea, ninayejua anapoishi, ambaye sikuwa nimemwendea kumwomba radhi. Nilikuwa nikilalamika kwamba Mungu amenyamaza.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia hapa. Tukisema kwamba mtoto fulani hasikii, hatuna maana kwamba ni kiziwi. Tuna maana kwamba anaambiwa na hafanyi. Kiebrania nacho kina neno moja, shama, linalobeba kusikia na kutii kwa pamoja, nalo ndilo linalofungua ule wito wa Kumbukumbu la Torati 6:4, “Sikiza, Ee Israeli.” Anayeomba aisikie sauti ya Mungu kwa hiyo anaomba aagizwe, na si ajabu kwamba agizo jipya linachelewa wakati la zamani lingali mezani, limefunikwa na hati za mizigo.

Hata hivyo, utii wako si lazima uanze kwa kishindo. Usiende kumkemea mkuu wako mbele ya watu ukadhani huo ndio ujasiri wa imani. Mtazame Danieli katika sura ya kwanza ya kitabu chake. Aliazimu moyoni asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme, lakini baada ya kuazimu aliomba ruhusa kwa mkuu wa matowashi. Alipoona kwamba yule bwana anahofia kichwa chake, akamgeukia msimamizi aliyewekwa juu yao, akapendekeza jaribio la siku 10. Msimamo haukulegea hata kidogo, ila njia ilikuwa ya heshima, na ilimwachia mwenzake nafasi ya kukubali bila kuaibika. Nawe mwendee mkuu wako faraghani, umweleze kwamba kuanzia sasa utatia sahihi juu ya kile ulichokihesabu tu, na umpe njia: mzigo ukifika pungufu, hati iandikwe idadi halisi, na salio lipokelewe kwa hati nyingine siku litakapofika. Huenda naye anasukumwa na mtu aliye juu yake, na kukataa kwako kukampa sababu aliyokuwa akiitafuta.

Kabla ya mazungumzo hayo, mweleze mwenzi wako wa ndoa kila kitu, kwa sababu gharama ikija mtailipa wote wawili. Tafuta pia ushauri wa mwanasheria kuhusu zile hati za miezi iliyopita. Hizo hazifutiki kwa sababu tu umeacha kuzitia sahihi, na anayejitokeza mwenyewe kusema ukweli huwa amesimama mahali tofauti kabisa na anayesubiri hadi akutwe.

Na mkuu wako akikataa? Hapa ndipo neno kutumaini linapopimwa. Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme Nebukadreza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru ya moto, kisha wakaongeza, “Bali kama si hivyo, ujue, Ee mfalme, ya kuwa sisi hatukubali kuitumikia miungu yako.” Sisi tunaisoma sura hiyo tukiujua mwisho wake, wao waliyatamka maneno hayo bila kuujua. Nina dukuduku kidogo na namna tunavyotoa ushuhuda makanisani. Aliyekataa rushwa akapata kazi bora kuliko ile ya kwanza hupewa kipaza sauti. Aliyekataa akakaa miaka miwili bila kazi hukaa benchi la nyuma, wala hakuna anayemwuliza habari zake, ingawa alimtii Mungu yule yule kwa utii ule ule. Kwa hiyo sikuahidi kazi nyingine. Mungu hakuahidi hilo, nami sina mamlaka ya kuahidi kwa niaba yake. Alichokiahidi kimo katika Waebrania 13:5: “Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa.” Ahadi hiyo, kama utakavyoona, imetolewa kwa watu walioambiwa katika mstari huo huo wasiwe na tabia ya kupenda fedha.

Neno moja pia kwa wazee wenzako, kama wanalisoma gazeti hili. Kanisa linalohubiri uaminifu kazini linapaswa kuwa tayari kuchangia ada ya watoto wa mtu ambaye uaminifu umemgharimu mshahara. Bila hivyo tunawatuma watu vitani na sisi tumebaki kambini tukiimba.

Kuhusu kubaki au kuondoka, nadhani, na ninasema nadhani tu, jambo hilo litaanza kujifafanua lenyewe baada ya mazungumzo yako na mkuu wako.

SWALI: Yesu alisema tusisumbukie ya kesho. Je, Mkristo anayeweka akiba hamtumaini Mungu?

JIBU: Yesu alikataza kusumbuka, kupanga hakukukataza. Yusufu alishauri sehemu ya tano ya mavuno ihifadhiwe katika ile miaka 7 ya shibe, na Biblia inaihesabu shauri hiyo kuwa hekima itokayo kwa Mungu. Hata mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, iliyooza na kuingia mabuu pale watu walipoilaza bila ruhusa, haikuoza ilipolazwa kwa ajili ya sabato kama walivyoagizwa. Kilichotofautisha siku hizo mbili ni neno la Mungu, kwa kuwa kitendo cha kuhifadhi kilikuwa kile kile. Ila kama akiba yako imekuwa sababu ya kumfungia mlango ndugu mwenye shida, niandikie tena, maana hilo litakuwa swali jingine.

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 52, nina presha, na daktari aliniandikia vidonge vya kumeza kila siku. Katika mkutano wa maombi mtumishi mmoja aliniwekea mikono akatangaza kwamba nimeponywa, na kwamba nikiendelea kumeza vidonge ninamwambia Mungu kuwa ni mwongo. Niliacha dawa, huu ni wiki ya tatu. Ninajisikia vizuri, lakini usiku silali. Naogopa kurudia dawa nisije nikaupoteza uponyaji, na naogopa kuendelea hivi.

JIBU: Mama yangu, weka gazeti chini uende ukapimwe leo, kisha urudi umalizie kusoma. Shinikizo la damu kwa kawaida halina dalili. Mtu hujisikia mzima kabisa huku moyo, figo na mishipa ya ubongo ikiendelea kuumia, na kuacha dawa bila daktari kujua kunaweza kuleta kiharusi. Kujisikia vizuri kwako, basi, hakuthibitishi jambo lolote. Kipimo ndicho kitakachosema.

Wala kipimo si adui wa imani. Wale wakoma 10 wa Luka 17 waliambiwa na Yesu mwenyewe waende wakajionyeshe kwa makuhani, na makuhani, kwa sheria ya Musa, ndio waliokuwa na kazi ya kumkagua mwenye ukoma na kutamka kama ametakasika. Yesu hakuona kwamba kukaguliwa kunamvunjia heshima aliyeponya. Kama Mungu amekuponya, daktari ataliona hilo katika vipimo vyake na atakupunguzia dawa au kukuachisha kwa utaratibu, na hapo utakuwa na ushuhuda usio na wasiwasi ndani yake.

Tena, soma habari za mfalme Hezekia katika 2 Wafalme 20. Alikwisha kupewa ahadi, kwa kinywa cha nabii Isaya, kwamba ataongezewa miaka 15. Ahadi ilikuwa wazi na ilikuwa na hesabu. Baada ya kuitoa, nabii yule yule akaagiza uletwe mkate wa tini, ukawekwa juu ya jipu, mfalme akapona. Sijaona mahali popote Hezekia alipoambiwa kwamba tini zile ni kumwita Mungu mwongo.

Yule mtumishi sitamhukumu, kwa kuwa huenda alisema kwa nia njema. Lakini Paulo anaagiza, “Jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema,” na agizo hilo linahusu hasa maneno yanayotolewa kama unabii. Ibilisi alipomtaka Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu, alinukuu Zaburi ya 91, na alinukuu andiko la kweli. Yesu akamjibu kwamba imeandikwa, usimjaribu Bwana Mungu wako. Kumtumaini Mungu ni kutegemea alichokisema yeye. Kumjaribu ni kumbana athibitishe kilichosemwa na sisi. Na hofu yako ya kuupoteza uponyaji iweke kando, mama, kwa sababu Mungu ninayemfahamu hamvizii mtoto wake amnyang'anye zawadi kwa kosa la kumeza kidonge.

SWALI: Baba yetu alituacha nikiwa na miaka 6. Amerudi akiwa mzee na mgonjwa, na mimi ndiye ninayemtunza kwa sababu amri inasema tuwaheshimu baba na mama. Namwogesha, namlisha, namfulia. Lakini moyoni sina upendo, na siku nyingine nina hasira tupu. Je, Mungu anaukubali utii wa namna hii, au ni unafiki?

JIBU: Dada yangu, mnafiki hutenda ili aonekane na watu. Wewe unamwogesha mtu katika chumba kilichofungwa, bila shahidi, ukiwa umechoka.

Katika Mathayo 21 Yesu anasimulia habari za mtu mwenye wana wawili. Mmoja alimjibu baba yake vizuri na hakwenda shambani. Mwingine alisema, “Sitaki,” baadaye akatubu, akaenda. Yesu aliuliza ni yupi aliyetenda mapenzi ya baba, wala hakuuliza kama yule aliyekwenda alilima kwa furaha. Na usiku ule wa Gethsemane, Yeye mwenyewe aliomba kikombe kiepukwe, akaomba kwa maneno yale yale mara tatu, na utii uliotuokoa ukapitia katika huzuni ambayo hakuificha.

Kwa hiyo hasira yako usiizike, wala usimmwagie mgonjwa. Ipeleke kwa Mungu kama ilivyo. Zaburi ya 13 inaanza kwa malalamiko, “Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?” na iliwekwa katika kitabu cha sala ili watu kama wewe wapate pa kuanzia. Siku ukiwa tayari, na yeye akiwa na nguvu za kusikiliza, unaweza kumwambia baba yako jinsi miaka ile ilivyokuwa. Kumheshimu mzazi hakukulazimishi kujifanya kwamba hayakutokea. Upendo unaweza kuja nyuma ya kazi ya mikono, polepole, na sitakupangia tarehe.

Jambo la mwisho nimeliona katika maneno yako mawili ya kwanza. Umeandika “baba yetu”, maana yake hukuzaliwa peke yako. Mikono ambayo Musa aliiinua wakati Israeli wakipigana na Amaleki ilipolegea, Haruni na Huri waliitegemeza, huyu upande huu na huyu upande huu. Wapigie ndugu zako simu wiki hii, uwape zamu zao kwa siku na saa, na siku ya zamu yao ikifika toka uende zako, usibaki mlangoni kuwasimamia.